Mzee Aliyejifunza Kutii

Mzee Eldridge Zwicker hakujua kutii, na mji wetu wote wa Halifax ulijua. Alistaafu jeshi la wanamaji akiwa kapteni, akakaa nyumbani kuwagombeza kuku wa mkewe. Vita vilipoanza akawasumbua wakubwa mpaka wakachoka: haya, rudi, lakini kwa umri huo meli hupewi. Utakuwa luteni, chini ya nahodha wa meli ndogo ya kivita inayosindikiza misafara ya meli za mizigo.

Nahodha mwenyewe ni Murdoch, mume wangu, aliyefunzwa kazi na mzee huyohuyo.

"Utamweza wapi?" nilimuuliza. "Atakupanda kichwani."

"Mimi ndiye nitakayemwamuru, Effie."

"Thubutu."

Na kweli Murdoch hakuthubutu. Kila nikiwapikia samaki chewa, Murdoch anamwita afande, na mzee anafoka mdomo umejaa viazi: "Afande ni wewe sasa, bwana. Mimi luteni tu." Murdoch anacheka, "Sawa, afande." Nami nacheka, ila moyoni naomba jambo moja tu, mume wangu arudi.

Februari meli ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani, ikazama. Mzee alikuja kwangu peke yake, mikono imefungwa bandeji kwa vidonda vya baridi kali ya bahari. Hakutaka kukaa.

"Boti ya mwisho ilibaki na nafasi ya mtu mmoja," alisema. "Tulikuwa wawili. Nikamwambia, shuka mwanangu, una mke, mimi nimekula chumvi nyingi. Akasema nahodha hutoka wa mwisho. Nikamwambia aache upuuzi. Basi akasimama wima, akaniita luteni. 'Luteni Zwicker, ingia botini. Hiyo ni amri.'"

"Ukaingia."

"Ilikuwa amri, binti yangu."

Damu ilinipanda. "Maisha yako yote hukumsikiliza mtu, Mzee Eldridge. Ukaona uanzie kwa mume wangu?"

Alilia, mtu mzima yule, kamasi zikimtoka, na kwa mikono ile hakuweza hata kujifuta. Nilimfuta mimi kwa aproni yangu, tena kwa nguvu, maana nilikuwa na hasira naye.

Kanisani watu huniambia nishukuru, angalau mzee alinusurika. Yeye huketi benchi la mbele yangu, na kila Jumapili naitazama shingo yake nikitamani angekaidi siku ile.