Macho ya Cucu Nyakio

Katika miaka yake tisini na moja, Cucu Nyakio, kama walivyomwita bibi yao, hakuwa na picha hata moja aliyotoka macho wazi. Harusi za wanawe, ubatizo wa wajukuu, siku alipohamia Kitengela: kote kope zimefungwa, kama mtu anayeombewa. Jamaa walishazoea, wakaufanya mzaha wa nyumbani.

Aliyekuwa hacheki ni Evalyne, mke wa mjukuu wake Kiama. Mwaka mzima alikuwa akienda Kajiado kila Jumamosi kujifunza kupiga picha kwa mwalimu mmoja mkali, Lemein, akiwa na kamera kuukuu aliyoinunua kwa mtu. Watu wa nyumba ya mumewe waliuona huo kuwa mchezo. Siku ya sherehe ya kuzaliwa kwa Cucu, wifi yake Judy alimwambia mbele ya watu, "Leo pumzika na hiyo kamera yako, wifi. Tumeleta mtu wa kazi."

Mtu wa kazi, mpiga picha wa kulipwa, aliitwa Austin. Alimkalisha Cucu uani, saa sita mchana, jua likiwaka juu ya mabati. "Cucu, angalia hapa! Moja, mbili..." Kabla ya tatu, kope zilikuwa zimeshuka. Wakaingia ndani, akawasha flashi. Picha ishirini, na zote Cucu amelala.

"Hio taa yenu ni kama radi," Cucu akalalamika. "Niacheni nikunywe uji yangu."

Austin akapangusa jasho. "Msijali. Nitamwekea macho kwa kompyuta."

"Macho ya nani?" Evalyne akauliza.

Sebule nzima ikamgeukia. Hata yeye alishtuka kusikia sauti yake. Lakini alikuwa amesimama pembeni muda wote akitazama, kwa maana Lemein aliwakataza wanafunzi wake kugusa kamera kabla ya kumtazama mtu, na alikuwa ameona jambo. Cucu hakufumba kwa sababu ya mwanga. Alifumba aliposikia "mbili." Alikuwa akijikaza, kama mtoto anayengoja sindano.

"Nipeni dakika kumi," akasema.

Judy akamtazama Kiama. Kiama akamtazama mkewe, kisha akasema, "Mpeni."

Evalyne alizima balbu iliyokuwa ikitia umanjano ukutani. Akaondoa kalenda nyuma ya kiti, akakigeuza kiti kielekee dirishani, na kushusha pazia la neti ili mwanga uingie polepole. Upande mmoja wa uso wa Cucu ulibaki na kivuli, basi akachukua kibao cheupe kilichobebewa keki na kumpa Judy akishike.

"Sogea karibu. Hapo hapo. Usishushe."

Judy, kwa mshangao wake mwenyewe, akatii. Mwanga ukaruka kutoka kwenye kibao ukajaza mikunjo ya lile shavu.

Evalyne akaketi kwenye kistuli, lenzi ikalingana na macho ya Cucu. Akainyamazisha kamera isitoe mlio, akaiweka ipige mfululizo. Hakuhesabu. Hakusema "angalia hapa."

"Cucu," akasema, "nataka kukuuliza kitu kuhusu bwana yetu."

Cucu akaweka kikombe chini. Kwa mila za kwao, mke wa mjukuu ni mke mwenza, na utani huo aliupenda kuliko uji. "Kiama? Amefanya nini?"

"Anasema chapati zangu ni tamu kushinda zako."

"Wewe!" Mgongo ukanyooka. "Huyo? Huyo alikuwa analia mlangoni nikichelewa kumpikia! Mwambie akuje hapa aseme hio maneno nikimwangalia!"

Akamtafuta Kiama kati ya watu, akamwona amejificha nyuma ya mlango, akaangua kicheko. Evalyne alikuwa ameshalenga jicho lililo karibu na lenzi. Kidole hakikutoka kwenye kitufe.

Alipogeuza kioo cha kamera, Judy ndiye aliyeona kwanza. Akasahau kibao, kikaanguka. "Mungu wangu. Macho ya Cucu ni ya kahawia."

Watu wakasongamana. Ndiye yeye: kila mkunjo, meno matatu yaliyobaki, na macho mawili makubwa, maangavu, yenye ujeuri. Austin alikodoa macho, akauliza kwa unyenyekevu, "Dada, umetumia flashi gani?"

"Dirisha," Evalyne akajibu.

Cucu aliisogeza kamera mpaka karibu iguse pua. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe niko mrembo hivi," akasema, bila kutania. Kisha akapiga mkono wa kiti. "Hakuna mtu anakula keki kabla hajakaa hapa apigwe picha na huyu. Pangeni laini!"

Wakapanga. Wajomba wenye suti, shangazi wenye vilemba, hadi nje uani. Evalyne alifuta lenzi kwa kitambaa, akanyoosha mabega, na kumwita wa kwanza aingie.