Chokaa kwenye Mti wa Watu

Machipuko ya Ferrara, hapa Italia, yananiudhi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nitamalizia kwa kusifu maua. Ukungu ukishaondoka tu, watu wa mji huu hutoka na baiskeli zao, hujipanga mbele ya mikahawa, huligeuzia jua nyuso kama nguo zilizoanikwa, kisha huambiana kwamba sasa kila kitu kinaanza upya. Kinaanzishwa na nani? Hakuna aliyeshika jembe. Hakuna aliyetoa hata godoro nje. Wamekaa na miwani yao ya jua wanayatazama machipuko kama wanavyotazama televisheni.

Kwetu Moldova machipuko ni kazi. Theluji ikiyeyuka tu, mtu anaingia kwenye matope, anapogoa mizabibu na kuifunga, anachoma majani makavu, anapaka uzio rangi, na kabla ya Pasaka lazima kila mti wa uani upakwe chokaa, kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno. Ukipita kijijini kwetu siku hizo utadhani miti yote imevaa sketi nyeupe. Nyumba ambayo miti yake haijapakwa, watu huuliza kuna nani aliyekufa.

Mimi naitwa Axenia. Huu ni mwaka wa nane naishi kwa Bibi Armida. Namwogesha, namlisha, nagombana naye. Miguu imemgomea siku nyingi, ulimi bado. Mwanawe Loris huja kila Jumatano na keki ndogo, hukaa nusu saa bila kuvua koti, kisha hunishukuru kama vile nimempa lifti.

Alhamisi mchana ndiyo mapumziko yetu sisi wanawake tunaolea wazee wa watu. Tunakaa kwenye benchi chini ya ukuta wa zamani wa mji, tunakula mbegu za alizeti, na ukifika mwezi wa tatu kila mmoja anatangaza: machipuko haya narudi nyumbani. Raisa, rafiki yangu, amelitangaza hilo tangu kabla sijamjua. Bafu la nyumba yake kule kijijini amelibadilisha vigae mara mbili na hajawahi kuoga humo. Simcheki, maana na mimi nilikuwa namwambia mume wangu Simion maneno hayohayo kwenye simu kila mwaka. Yeye nikimwambia aje huku, jibu lake lilikuwa moja: mizabibu nimwachie nani?

Mwaka huu, mwanzoni mwa Machi, alinipigia akasema, "Nakuja. Nitapanda gari la Tolea, Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa hapo." Tolea ndiye mwenye basi dogo linaloleta na kurudisha watu wa kwetu na vifurushi vyao.

Nusura bakuli la supu ya Armida linitoke mkononi. Simion, mtu ambaye kwenda hadi Kishinau, mji mkuu wetu, anaona ni safari ya ng'ambo! Nikajua amechoka kulala peke yake na anakuja kuishi na mimi. Sikumuuliza zaidi. Niliogopa kuharibu.

Nikaanza vita ya chumba. Uani mwa jengo la Armida kuna chumba kidogo kilichokuwa cha kuni, siku hizi Loris hutupa humo vitu vyake vya kuchezea kwenye theluji. Jumatano alipokuja nilimkabili kabla hajakaa.

"Bwana Loris, mume wangu anakuja. Naomba kile chumba cha uani."

"Kwa wikendi?"

"Kwa maisha."

Akajikuna shingo. "Mimi sina neno, Axenia. Ila ua ni wa jengo zima. Majirani wakianza kulalamika mimi siwawezi."

"Walalamikie nini? Simion ana kelele kidogo kuliko friji yenu."

"Haya, kichukue. Lakini kimyakimya, tafadhali."

Kimyakimya nikatoa takataka zake, nikasugua sakafu, nikapaka kuta chokaa. Nilitundika pazia, nikatandika blanketi la sufi alilofuma mama yangu. Nilipomaliza, chokaa ilikuwa imebaki nusu ndoo. Nikatoka nayo uani, na hapo mbele yangu ukasimama mti wa magnolia wa jengo pamoja na miti miwili ya cheri, mashina makavu, ya kahawia, kana kwamba ni Novemba. Simion angeingia kwa mlango ule na kuona hivyo? Nikachovya brashi.

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilifurahi. Mgongo uliniuma vizuri, chokaa ikanirukia kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku nikahisi machipuko yamefika na mimi nimo. Nilipaka magnolia, nikapaka mcheri wa kwanza, nikapaka wa pili. Nilikuwa naimba nilipomsikia Bi Fabrizia wa ghorofa ya juu akiteremka ngazi mbio na kanzu yake ya kulalia.

"Mungu wangu! Mti unaumwa nini?"

"Hauumwi. Umependeza."

"Umependeza? Mti huu aliupanda babu yangu!"

"Basi babu yako angefurahi kuuona msafi."

"Huu ni mti, mama, si ukuta wa choo!"

Dirisha la Armida likafunguka. "Fabrizia, hebu mwache binti wa watu! Mti umekaa uchi miaka yote hujalalamika, leo umepata soksi ndiyo unapiga kelele?"

"Armida, wewe usiingilie!"

"Naingilia kutoka dirishani kwangu. Njoo unifunge mdomo!"

Kelele zikawatoa wengine. Mmoja akapiga picha, mwingine akaulizia kibali, wa tatu akasema sumu ile itaua mizizi. Nilijaribu kuwaeleza kwamba chokaa hufukuza wadudu na huzuia gome lisipasuke kwa jua, na kwamba ndivyo miti inavyotunzwa, lakini walinitazama kama niliyempaka mtoto wao. Loris aliitwa kutoka kazini. Alifika amekuwa mwekundu.

"Nilikuambia kimyakimya!"

"Kwani nilipiga ngoma?"

"Itoe, Axenia. Itoe yote leo, la sivyo chumba sahau. Tafadhali usinibishie."

Basi nikachukua maji na brashi ya viatu nikasugua. Chokaa ikishaingia kwenye gome haitoki. Hadi jioni mikono ilikuwa imechubuka na miti imegeuka rangi ya magoti yaliyopauka. Nilisugua huku nalia kwa hasira. Mji mzima unaimba kwamba ni wakati wa kuanza upya, mtu akijaribu kuanza anaambiwa kachafua. Hapa machipuko ni ya kutazamwa tu, usiyaguse.

Lakini chumba nilikipata. Hilo nilijiambia usiku na asubuhi.

Jumamosi Simion alishuka kwenye gari la Tolea akiwa amevaa koti lake la harusi za watu. Amekonda. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Tulikumbatiana vibaya, kofia yake ikanidunga jicho, tukacheka. Alikuwa amebeba divai yake kwenye chupa za soda, jibini ya kondoo iliyofungwa kitambaa, na kibegi kidogo kama cha mtu anayekwenda kulazwa hospitali. Nilikiona kile kibegi. Nikajiambia mizigo mingine inafuata.

Armida alimpokea kama balozi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakaelewana kwa divai. Simion akaubana mguu wa meza uliokuwa ukicheza tangu nije, akaukaza kwa kisu cha mfukoni.

"Mwanamume huyu ana mikono," Armida akaniambia. "Wa kwangu ana simu."

Armida alipolala usingizi wake wa mchana, nilimpeleka Simion uani. Alisimama mbele ya magnolia, akapitisha kidole kwenye madoa ya chokaa. Nikafungua mlango wa chumba. Pazia, blanketi, glasi yenye maua. Aliketi ukingoni mwa kitanda, hakuvua koti.

"Pazuri," akasema.

"Baridi kidogo, ila Loris ameahidi hita. Na Raisa amekusikilizia kazi kwenye mashamba ya matunda ya pea, wanatafuta watu wa kupogoa. Wewe na kupogoa tena! Watakubembeleza."

"Axenia."

"Ukitaka kulala mchana, hakuna atakayekusumbua."

"Axenia, kaa. Mimi nimekuja kukuchukua."

Nilibaki nimeshika pazia.

"Tolea anarudi kesho mchana," akasema. "Ametuwekea viti viwili."

"Viwili? Umeniuliza?"

"Nikuulize mara ngapi? Kila mwaka unaniambia machipuko yajayo. Nikasema huyu labda anaona aibu kuja peke yake, nimfuate. Nimepogoa kote, nimefunga mizabibu, jiko nimelijenga upya, halitoi moshi tena. Tunakosa nini? Tuna mkate, tuna divai, paa halivuji. Twende tukaishi."

"Huwezi kumwondoa mtu hivi kama unavyong'oa kitunguu! Armida nimwachie nani?"

"Ana mtoto."

"Mtoto wake hajui hata anakunywa dawa gani asubuhi!"

"Atajua."

"Na mimi nimehangaikia chumba hiki! Nimegombana na jengo zima kwa ajili yako! Nimekupakia hadi miti!"

"Nimeona," akasema, bila ukali wowote, na hapo ndipo aliponichoma. "Umepaka mti wa watu. Yetu yote nimepaka peke yangu."

Nilimwita mkaidi. Nilimwita mtu wa matope. Nilimwambia kwamba hilo jiko, hilo paa na hata koti alilovaa vimetoka kwenye makalio ya Armida ninayoyaosha mimi. Alisikiliza yote akitazama kofia yake. Nilipoishiwa, akasema, "Ndiyo maana nasema imetosha," akalala na nguo zake upande wa ukutani, akaniachia nafasi kubwa kuliko niliyohitaji.

Asubuhi ya Jumapili sikujua nafanya nini. Nisiseme uongo, sikuwa nimeamua kukataa. Nilijiambia naweza kwenda, naweza kumpigia Loris simu nimwambie njoo umchukue mama yako, basi. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nilimpigia kweli. Alikuwa baharini na marafiki, akasema tutaongea Jumatano. Nikaona siwezi kumwacha Armida peke yake wakati Simion anaondoka, nikamvisha sweta, nikamweka kwenye kiti cha magurudumu, tukaenda watatu. Simion alisukuma kile kiti njia nzima. Hakuniuliza kitu nami sikumwambia kitu, na Armida alikuwa akiwasalimia watu wa baiskeli.

Pale gari linapoegeshwa palikuwa pamejaa wenzetu na vifurushi vyao vya kupeleka nyumbani, mafuta, sabuni, pipi za wajukuu. Raisa alikuwa anasukumana na mtu kwa ajili ya boksi la vigae. Tolea alikuwa juu ya ngazi ya gari anagawa amri.

"Simion, karibu ndani! Wewe na mkeo, nyuma ya dereva, nafasi ya wafalme. Axenia, nipe begi lako nilipange."

Nikanyoosha mkono kumpa. Mkono ulikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na dawa za Armida za mchana, chupa ya maji na kitambaa cha kumfutia mdomo.

Sikuwa nimefungasha. Hata soksi. Nilikuwa nimeamka mapema, nimezunguka nyumba nzima asubuhi yote nikijiambia kwamba bado nafikiri, na mikono yangu ilikuwa inafungasha vya Armida.

Simion alikuwa ameshaona. Nadhani aliona tangu nyumbani, tangu mlangoni, ndiyo maana alishika kile kiti akasukuma. Alinitazama, mtu wangu, wala hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo, kwa sababu mimi nilikuwa nayo tele na sikuwa na wa kumpa.

"Simion, mimi…"

"Basi, Axenia," akasema. "Usijieleze mbele ya watu."

Aliinama akambusu Armida mkono, kama wanavyofanya wazee wa kwetu, kisha akapanda. Tolea alinisubiri kidogo, akatazama mfuko wangu, akatazama kile kiti cha magurudumu, akaelewa. Ni mtu wa biashara. Akamwita Raisa, akalichukua boksi la vigae, akaliweka kwenye kiti changu, pembeni ya mume wangu, akalifunga mkanda lisije likavunjika njiani.

Gari likaondoka. Wenzangu walipunga mikono kisha wakatawanyika haraka kwenda kupikia wazee wao. Nilijichukia. Nilimchukia Tolea kwa ule mkanda, na jua lile, na watu wanaojiona wapya kwa sababu tu kumepata joto.

Armida alivuta mkono wa sweta yangu. Akataka kujua kama, kwa kuwa tumeshatoka nje na hali ya hewa ni nzuri, tunaweza kupitia aiskrimu. Nilimwambia afunge mdomo. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kufanya. Akaweka mikono mapajani, akasubiri. Kisha nikageuza kiti, nikampeleka kununua aiskrimu.