Maziwa ya Siku ya Kumi na Sita

Mkeka ulikuwa unachanika gizani. Chwaa, kimya, kisha chwaa tena, kama mtu anayechana nguo huku anaogopa kusikika. Enifa alifumbua macho bila kujigeuza, kwa maana Limbani, mwanawe wa miezi mitano, alikuwa amelala na titi mdomoni, na huyo ukimgusa tu, usingizi umekwisha kwa nyumba nzima. Akatega sikio. Jogoo wa kwanza alikwisha kuwika, wa pili bado.

Paka, akajiambia. Lakini paka hachani mkeka. Nao mkeka ule mkuukuu ulikuwa umetundikwa juu ya ua wa jikoni, ubavuni mwa zizi, na kiumbe pekee aliyeweza kuuvuta kwa meno kupitia kati ya miti alikuwa Chimwala, nguruwe wao jike, aliyepewa jina la jiwe kubwa kwa vile akishalala hasogezwi.

Nguruwe mwenye mimba hakusanyi nyasi na matambara kwa mchezo. Akianza kuchana na kutandika, ni kitanda cha uzazi anachotandika. Na leo ilikuwa siku ya kumi na sita tu. Yeye alihitaji ishirini na moja.

Msimu ule, kuhara kulikuwa kumeingia katika mazizi ya kijiji chao, huko chini ya vilima vya Dedza. Kulianzia kwa Nasibeko, jirani wa ng'ambo ya kijito. Nguruwe wake alizaa watoto kumi na mmoja. Siku ya tatu wakaanza kutoa maji ya njano, siku ya tano hakubaki wa kusimulia. Kukaenda nyumba ya pili, kukaenda ya tatu. Wakubwa walihara siku mbili wakasimama. Watoto ndio waliokwisha. Katika kikundi chote cha wanawake kumi na wawili, waliokuwa wakipeana mitamba ya nguruwe nyumba kwa nyumba, nguruwe aliyebaki na mimba alikuwa Chimwala peke yake. Wa Chimwala nao wakienda, hakuna mbegu tena, na kila mtu alijua ni mikono ya nani iliyomlisha kile alicholishwa.

Jambo lenyewe Enifa alilipata katika darasa la jioni, pale shule ya msingi, alikokuwa akimalizia la nane na mtoto mgongoni. Bwana mifugo alikuja siku moja, akachora tumbo la nguruwe ubaoni, vibaya, wanawake wakacheka.

"Chekeni," akasema, "ila sikilizeni. Mama wa mtu humpa mwanawe askari tangu tumboni, kwa damu. Nguruwe hawezi, kondo lake ni nene, halipitishi. Mtoto wake anazaliwa mikono mitupu. Kinga yake yote imo katika maziwa, na yale ya kwanza ndiyo mazito kupita yote. Tena asicheleweshwe, maana ikifika kesho yake utumbo umeshafunga mlango."

Baada ya darasa Enifa alimfuata, akamweleza kuhusu Chimwala. Bwana mifugo alikuwa ameshawapima watoto wa nguruwe wa Nasibeko, akawaza kidogo, kisha akamwambia jambo la ajabu: achukue uchafu wa watoto wa nguruwe waliokuwa wangali wagonjwa, auchanganye na pumba, ampe Chimwala mara moja.

"Mwili haufui silaha za adui usiyemwona," akasema. "Acha amwone sasa, angali mkubwa na mwenye nguvu. Ataugua kidogo, atapona, na silaha zitashuka kwenye maziwa. Lakini kazi hiyo haina haraka. Nipe wiki tatu." Kisha akainua kidole. "Na si kwa kila ugonjwa, umenisikia? Ile homa inayoua hadi wakubwa, ukifanya hivi umewamaliza wote. Hiki ni kirusi cha tumbo, nimekipima mwenyewe, ndiyo maana nasema."

Kisimani walimcheka kiasi cha kushika mbavu. "Enifa, kwani kwenu pumba zimekwisha? Siku hizi mnakula nini nyinyi wenyewe?" Chimwala alipougua kweli, siku ya tatu, akalala masikio yakiwa moto na hagusi chakula, vicheko vikaisha, na hilo likawa baya zaidi. Bibi yake Enifa, ambaye kijiji kizima kilimwita Agogo, alisimama mlangoni mwa zizi akasema neno moja tu: "Umemuua."

Hakufa. Siku mbili baadaye aliamka akala pumba za ndoo nzima, na Enifa akalia kwa furaha nyuma ya jiko. Kilichobaki kilikuwa kungoja. Siku za kungoja zilitosha kabisa, kwa hesabu ya mimba iliyoandikwa. Ila hesabu ilikuwa ya uongo: dume la Nasibeko lilivunja ua na kumfikia Chimwala karibu wiki moja kabla ya siku ile waliyopatana, na Nasibeko, kwa aibu, aliziba ule ua akanyamaza.

Kulipopambazuka Chimwala alikuwa amelala ubavu juu ya vipande vya mkeka, anahema. Agogo alikuwa ameshafika, kitenge amekifunga kifuani, mikono ameinawa kwa majivu. Mtungi ulikuwa mkavu.

"Nenda kisimani," akasema. "Uzazi bila maji ni uchawi."

Enifa alijifunga Limbani mgongoni, akachukua ndoo. Mlangoni akasita. Kulikuwa na jambo alilotaka kulisema juu ya maziwa ya kwanza, akaliacha. Mjukuu hamfundishi bibi yake uzazi, hasa bibi aliyezalisha nusu ya kijiji. Akaenda.

Foleni ilikuwa ndefu, mpini wa pampu ulikuwa umelegea, na kila aliyempita alimsalimu kwa utulivu, na salamu haziharakishwi. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda juu ya mibuluu, mikaratusi ile mirefu. Tisankhe, binti yake wa miaka minne, alikuja kumpokea njiani.

"Bibi anawapikia uji," akasema.

"Anawapikia kina nani?"

"Watoto wa Chimwala."

Enifa hakujua ndoo aliitua wapi. Zizini Chimwala alikuwa amelala bila mtoto hata mmoja ubavuni. Agogo alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamkamua, na maziwa mazito ya njano yalikuwa yakidondoka ardhini na kunywewa na vumbi. Jikoni, kando ya majivu yenye joto, kikapu kilikuwa kikilia. Watoto wanane walikuwa wamelundikana juu ya tambara, kama ilivyo desturi, mpaka mama yao amalize na asiwalalie.

"Bibi, unafanya nini?"

"Namsafisha. Dang'a hii imelala ndani tangu lini, imeoza. Hebu tazama rangi yake, usaha mtupu. Kesho yatakuja meupe, wanyonye washibe. Leo watalamba uji mwepesi."

"Wa kwanza amekaa kikapuni tangu saa ngapi?"

"Hujafika hata kisimani."

Enifa alipiga magoti mbele ya bibi yake, kama anavyopaswa mjukuu. "Bibi, mimi siwezi kukufundisha uzazi."

"Afadhali umelijua hilo."

"Lakini hayo unayoyamwaga ndiyo niliyokuwa nayangoja. Uchafu wote ule nilimlisha kwa ajili ya hayo. Hakuna kingine, Bibi. Yakiisha hayo, yamekwisha."

"Wewe mwenyewe nilikukamua hivi hivi, ulipomzaa mke mwenzangu huyu," Agogo akasema, akimwonyesha Tisankhe kwa kidevu. "Amekufa?"

"Hakufa."

"Basi."

"Na Limbani je, Bibi?"

Wote wawili waliukumbuka mwaka wa kwanza wa Tisankhe, jinsi walivyopokezana kumbeba kwenda zahanati, tumbo limeharibika, macho yameingia ndani. Limbani alizaliwa kwenye zahanati hiyo hiyo, na muuguzi alimweka kifuani kwa mama yake anyonye kabla hata hajafutwa, na miezi mitano tumbo lilikuwa halijamsumbua. Enifa hakutaka kumshinda bibi yake. Alikitaka kikapu.

Agogo aliyatazama mashavu ya mtoto juu ya bega la mama yake. "Huyo mwanamume," akasema. "Wanaume hawaugui, hawana akili ya kuugua." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Chukua kikapu chako. Wakifa, mimi sikuwapo."

Enifa aliwapanga mmoja mmoja kwenye chuchu. Watano walidaka mara moja, wakivuta kana kwamba walikuwa wakidai deni. Wa tisa akazaliwa, akajikokota mwenyewe, akafika. Lakini watatu walikuwa wamepoa. Midomo yao ilikuwa baridi kama ya chura, na chuchu ikiwekwa ndani ilitoka tena. Enifa akashika kikombe cha bati ajaribu kukamua. Hakikutoka kitu. Chimwala akampiga teke, kikombe kikaruka.

Alijua kwamba muda haumngoji. Nguruwe hutoa maziwa bila kuombwa anapozaa tu. Kondo likishatoka, hayashuki tena ila yakiitwa na midomo ya wanawe, nayo hushuka kidogo sana halafu yanakata. Akajaribu tena. Jasho likamwingia machoni. Mgongoni Limbani akaanza kulia.

"Unamkamua kama unayefinya jipu," sauti ikasema nyuma yake. "Sogea."

Agogo alichuchumaa. Kidole gumba kikapanda juu, kikabana, kikashuka polepole, na huku anamwimbia Chimwala puani wimbo usio na maneno. Tone, tone, kisha mchirizi. Njano ile ile, mara hii ndani ya kikombe. Enifa aliwapa wale watatu kwa kijiko cha chai, akiwapapasa koo wameze. Wawili walimeza. Mmoja yalimtoka pembeni mwa mdomo, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

"Miaka sitini nayamwaga," Agogo alisema, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Kama unayosema ni kweli, mjukuu wangu, basi leo usiniambie zaidi."

Enifa alimshika mkono uliokuwa unanuka maziwa, akaurudishia kikombe.

Siku mbili zikapita, wanane wanaruka. Siku ya tatu Nasibeko alikuja akasimama nje ya ua, maana Enifa alikuwa amemwaga majivu mlangoni na kuomba mtu asiingie na miguu iliyokanyaga zizi jingine.

"Wangu walianza siku kama ya leo, mchana," Nasibeko alisema. "Alianza mdogo." Kisha, akiinamisha kichwa, "Lile dume, dada. Ningesema mapema."

"Lingekuwa limeshavunja ua, dada. Ungelirudishaje?"

"Hata hivyo."

Jioni ile mdogo wa Chimwala akaanza. Maji ya njano, mkia umelowa. Usiku wakamfuata wengine wawili. Enifa alikaa zizini na taa, akiwaza juu ya siku tano zilizopungua. Ukuta ulioachwa nusu bila kukandikwa, mvua inapitia wapi? Bwana mifugo alikuwa amesema kwamba maziwa hayaishii siku ya kwanza. Kila wakinyonya yanaukandika utumbo upya, ili mradi wasiache kunyonya. Basi kila Chimwala alipogugumia kuwaita wanawe, Enifa aliwaamsha wale wagonjwa watatu, akawasukuma waliko wenzao, mdogo akamshikia kichwa mpaka amalize. Yeye mwenyewe alimnyonyesha Limbani hapo hapo, ameegemea miti ya zizi. Kiasi cha saa moja hivi, wanaitwa tena. Agogo alimletea thobwa, ile togwa yao, kwenye kibuyu, akakaa naye.

Siku ya nne mdogo alikuwa ngozi na mifupa, lakini alikwenda chuchuni bila kushikwa. Wale wengine wawili walikuwa hawajulikani, mara maji, mara uji. Enifa aliinua mikia yao mara nyingi hata Chimwala akamchoka. Usingizi ulimwiba alfajiri ya siku ya tano, amekaa, titi nje, Limbani mapajani.

Alipozinduka kulikuwa kweupe, na hakuthubutu kugeuza shingo atazame ndani. Wamebaki wanne? Au sita? Alimsikia Agogo akifagia ua. Tisankhe alikuwa amechutama kando yake, uso ameubana kati ya miti miwili ya zizi, anatazama kwa makini kitu kilichoko chini.

"Mama," akasema, "huyu mdogo amekunya kigumu."