Mume Mwenza Kwenye Rojo

Tauno Heiskala alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, mshipi mkononi, akilitazama tundu alilolitoboa kwenye barafu, aliposikia pikipiki ya theluji ikija kutoka ng'ambo ya ziwa. Hakuinua kichwa. Ng'ambo ile kulikuwa na nyumba moja tu yenye pikipiki ya mlio ule. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akiishi na Sylvi, na Sylvi alikuwa mke wa Tauno mpaka ule msimu wa majani kupukutika alipopakia cherehani yake na vyungu vyake vya maua kwenye gari, akamwambia Tauno chakula kiko kwenye oveni, akaondoka. Kilikuwa chakula kizuri. Tauno alikila siku mbili.

Tangu hapo hakuwa amesema neno hata moja na Kalervo Rautio. Si kwamba waligombana. Wakikutana dukani, mmoja alisimama akisoma maandishi ya kopo la mbaazi mpaka mwenzake alipe na kutoka. Utaratibu huo uliwafaa wote wawili.

Ilikuwa Machi, na theluji ilikuwa imeanguka wiki nzima. Theluji nyingi namna hiyo huilemea barafu, barafu ikabonyea, maji yakapanda kupitia kwenye nyufa na kujificha chini ya theluji. Ukitazama kwa juu unaona uwanja mweupe tu, mkavu, unaovutia. Chini yake kuna rojo la maji na theluji linalofika magotini. Tauno aliendesha greda la kusafisha barabara za wilaya mpaka alipostaafu, kwa hiyo theluji aliijua, na asubuhi ile alikuwa amelizunguka rojo kwa miguu, akiburuta nyuma sleji yake ya plastiki, kihori cha kukokotea mizigo juu ya theluji.

Kalervo hakulizunguka. Mlio wa pikipiki ukashuka, ukapanda, ukageuka kikohozi, kisha kimya. Tauno akavuta sangara mmoja mdogo, akamtoa kwenye ndoana, akamtupa kwenye theluji pamoja na wenzake. Baada ya muda akasikia miguu ikichapa maji, ikamkaribia, ikasimama.

"Habari za hapa," Kalervo akasema.

"Nzuri."

"Nimekwama."

"Nimesikia."

Kalervo alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu mnene, mchangamfu, ambaye kwa kawaida hakuwa na shida ya kupata la kusema. Sasa alilitazama tundu la Tauno kana kwamba ndani yake kulikuwa na msaada.

"Wanakula?"

"Wadogo wadogo."

"Sylvi kanituma dukani. Hamira. Nikaona nikikatisha ziwani nitafika upesi."

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutajwa kati yao. Hakuna kilichotokea. Tauno akakunja mshipi wake, akauweka mfukoni, akasimama.

"Ina koleo, hiyo pikipiki yako?"

"Haina."

"Na kamba?"

"Kamba ninayo. Iko nyumbani."

Tauno akachukua koleo lake mwenyewe. Pikipiki ilikuwa imezama mpaka kwenye kiti, na rojo limeukumbatia mkanda unaoisukuma kama uji ulioganda. Wakachimba. Wakaenda mpaka kwenye rasi, wakakata matawi ya misonobari, wakayaburuta kwa sleji na kuyatandika mbele ya pikipiki. Kalervo akawasha injini. Pikipiki ikapanda juu ya matawi, ikasogea kiasi cha urefu wake, ikazama tena, safari hii kwa kuinamia upande mmoja. Buti zao zilikuwa zimeshaingia maji.

"Tujaribu tena?" Kalervo akauliza.

"Ukitaka kuizamisha mbali zaidi, tujaribu."

Wakaiacha. Njia aliyojia Kalervo ilikuwa rojo tupu, na miguu yao isingestahimili kurudi huko. Gari la Tauno lilikuwa ufukwe mwingine, mbali kuliko kote. Iliyobaki ilikuwa kuambaa rasi, kuvuka pale ambapo ziwa linabanwa na nchi kavu mbili, na kutokea nyuma ya nyumba ya Kalervo. Lakini pale penye mbano maji hayatulii. Mkondo huila barafu kwa chini majira yote, na theluji huifunika kwa juu kama blanketi isipate baridi ya kuikaza. Kila baada ya miaka kadhaa panameza mtu au gari.

"Nitapita mwenyewe," Kalervo akasema. "Nitakwenda polepole."

"Barafu haijali unakwenda na mwendo gani, bwana. Misumari unayo?"

Aliulizia ile misumari miwili yenye mipini ya mbao na uzi katikati, ambayo kila mvuvi wa pale huivaa shingoni ili akitumbukia aweze kung'ang'ania barafu na kujivuta.

"Ninayo. Iko garini."

"Inavua samaki gani huko garini?"

Tauno akaivua misumari yake, akamvisha Kalervo shingoni, akachukua mtaimbo wake, akatangulia. Hakufanya hivyo kwa wema. Alifikiria tu jinsi ambavyo angelazimika kwenda kumweleza Sylvi, na maneno ambayo angelazimika kuyatumia, akaona kutembea ni rahisi zaidi.

Alipiga mtaimbo mbele yake kila hatua. Ukigonga kwa nguvu na usitoboe, pita. Ukitoboa kwa pigo la pili, rudi. Kalervo alimfuata kwa mbali kidogo, akiburuta sleji, kama alivyoagizwa. Kwa muda ilisikika sauti ya chuma tu, na pumzi zao. Lakini Kalervo hakuwa mtu wa kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu.

"Sylvi anakohoa," akasema. "Tangu Krismasi."

Tauno akapiga barafu.

"Daktari anasema si kitu. Kampa dawa ya maji, mbaya kabisa. Inanuka kama lami."

Tauno akapiga tena, akapita. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, bila yeye kuipa ruhusa.

"Alisema nini?"

"Daktari?"

"Sylvi. Kuhusu mimi. Alipokuja kwako."

Kalervo alifikiri kwanza, na hilo lenyewe halikuwa dalili njema.

"Alisema wewe ni mtu mzuri."

"Halafu?"

"Alisema hujawahi kumnyanyulia mkono wala sauti."

"Halafu?"

"Sasa wewe, mbona unataka... Haya. Alisema kuishi na wewe ni kama kukaa kituo cha basi. Pasafi, pana benchi, ila mtu anasahau alikuwa anangoja nini. Alisema katika miaka yote ile hukumuuliza swali hata moja. Labda chumvi iko wapi."

Tauno aliendelea kutembea. Alijua si kweli. Alikuwa amemuuliza mambo mengi, akaanza kutafuta hata moja la mfano, akarudi nyuma mwaka mmoja, akarudi miwili. Alikuwa na hakika kwamba safari moja, walipokwenda kuzika mama yake Sylvi, alimuuliza jambo fulani ndani ya gari. Alikuwa karibu kulikumbuka. Mtaimbo ulikuwa begani kwake wakati huo, na hakukumbuka ni lini aliuweka huko.

Barafu haikulia. Ilifunguka tu, kama karatasi iliyolowa.

Maji yalimfika kifuani, kisha kichwani, kisha akaibuka. Pumzi ilikuwa imemtoka yote na ikakataa kurudi. Alisikia mtu akihema kama mbwa, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yeye. Mtaimbo ulikuwa umezama. Akashika ukingo, ukavunjika. Akashika mwingine, nao ukavunjika. Akamwona Kalervo akimjia mbio.

"Simama!" akapaza sauti. "La, usisimame. Lala."

"Nilale?"

"Kwa tumbo. Kama unajificha."

Kalervo akajitupa chini kwa kishindo kilichotikisa maji ndani ya tundu.

"Polepole, bwana. Utatuua wote."

"Samahani."

Tauno akageuka upande alikotoka, kwa kuwa barafu ya huko angalau ilikuwa imembeba dakika moja kabla. Akatandaza mikono juu yake. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa vya mtu mwingine. Akawaza kwamba hakumwambia yeyote anakokwenda asubuhi ile. Hapakuwa na wa kumwambia. Wangeona gari lake ufukweni baada ya siku ngapi, hakujua, na nani angekuwa wa kwanza kuliulizia, hakujua pia. Jambo hilo lilimtisha kuliko maji.

"Tauno. Nifanye nini?"

"Misumari."

Kalervo akaivua shingoni, akaisukuma juu ya barafu. Ikateleza vizuri, ikampita Tauno kwa umbali wa mkono, ikatumbukia majini upande wa pili.

Wakaitazama pale ilipozamia.

"Sleji," Tauno akasema. "Shika kamba, sukuma sleji. Usije wewe. Ije yenyewe."

Sleji ikaja. Tauno akatupa mkono mmoja juu ya ukingo wake, kisha wa pili, akabana viwiko ndani kwa kuwa vidole havikubana tena. Akainyoosha miguu nyuma na kuipigapiga kama chura. Kalervo akavuta. Barafu ikavunjika, akazama mpaka kidevuni. Kalervo akavuta tena, ikavunjika tena. Mara ya tatu Tauno akahisi tumbo lake likikwaruza kitu kigumu, na kitu hicho hakikuvunjika.

"Nimekutoa," Kalervo akasema, akaanza kuinuka.

"Usiinuke. Bingirika."

"Wapi?"

"Tulikotoka. Bingirika mpaka nikuambie."

Wakabingirika, watu wazima wawili wenye mvi, mchana kweupe katikati ya ziwa, mmoja akilowesha theluji na mwingine akiburuta sleji kwa kamba iliyomzunguka kila alipogeuka, mpaka ikabidi asimame kujinasua. Kisha wakaambaa ufukweni kwa miguu. Palikuwa mbali zaidi, lakini palikuwa na ardhi. Nguo za Tauno zikaganda, zikawa zinagongana kama mbao. Alipopunguza mwendo, Kalervo alimsukuma mgongoni. Alipotaka kuketi kidogo, Kalervo alimwita majina ambayo inaonekana alijifunza kwenye stendi za mabasi.

Sylvi alifungua mlango, unga mikononi.

"Hamira iko wapi?" akamuuliza Kalervo. Kisha akamwona wa pili. Akamtazama kuanzia kofia mpaka buti.

"Vua," akasema.

"Hapa?" Tauno akauliza, meno yakigongana.

"Tauno, nimekufulia chupi zako miaka thelathini. Vua."

Akavua. Kalervo akataka kuwasha moto wa sauna, chumba chao cha mvuke, Sylvi akamkataza: mtu aliyepoa hivyo haingizwi kwenye joto kali ghafla, moyo unaweza kusimama. Akamfunga Tauno kwa mablanketi, akamkalisha mbali kidogo na jiko, akamnywesha maji moto ya matunda kwa kijiko. Baadaye akampa suruali ya Kalervo. Kiunoni ilitosha watu wawili, na miguuni iliishia chini kidogo ya magoti.

Kalervo akasimulia yote. Alisimulia vizuri, hata habari ya misumari hakuificha. Sylvi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akainama akishikilia meza.

Tauno akangoja mpaka kikohozi kiishe.

"Kinakusumbua usiku pia?" akauliza.

Sylvi akamgeukia. Akaweka kijiko mezani.

"Usiku zaidi," akasema.

"Ukilala chali au ubavu?"

"Chali."

"Basi lala ubavu."

"Nalala ubavu, Tauno."

"Vizuri."

Sylvi akaenda kulitazama jiko, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Baridi kali ilirudi siku iliyofuata, na rojo likaganda na pikipiki ndani yake. Ilibidi wanaume wa kijiji waje na msumeno wa mashine kuikata kutoka kwenye barafu kama jiwe la machimboni. Walikuja wengi kuliko waliohitajika. Ilpo wa duka, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alimsogelea Tauno.

"Nasikia umemwokoa mume mwenzako."

"Yeye ndiye aliyeniokoa mimi."

Ilpo alikuwa ameandaa mzaha kwa jibu lile lingine. Akaenda kushika kamba pamoja na wenzake.

Kidole kimoja cha mguu wa Tauno kilikuwa kimegeuka cheusi kufikia wakati huo, na kwa kuwa asingeweza kukanyaga pedali, Kalervo alimpeleka kituo cha afya. Aliendesha kama alivyokuwa akiendesha basi, akipunguza mwendo penye kila kituo. Wakaingia pamoja. Nesi alikuwa msichana mgeni, hakumjua yeyote kati yao. Alikitazama kidole, akakibonyeza, akauliza kama anahisi, akaambiwa kidogo.

"Utahitaji mtu wa kukufunga bandeji nyumbani," akasema. Akamtazama Kalervo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kona, kofia magotini. "Huyu ni nani wako?"

Tauno akafikiri. Kalervo naye akafikiri.

"Tunakaa ziwa moja," Tauno akasema.

Nesi akangoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akamwambia Kalervo asogeze kiti karibu aone bandeji inavyofungwa, na Kalervo akasogea.