Popo Wanaokula Nondo

Fabiano alipofika kwenye mninga wenye pango, fungu la nyasi kavu begani, alimkuta mwanamke ametandika shuka jeupe chini ya mti kama anayetaka kuanika mtama. Hasira zilimpanda hapo hapo. Yeye kaja kuwafukuza popo kwa moshi, na kumbe kuna mgeni kawatandikia shuka!

Mgeni mwenyewe alikuwa Gracieuse, Mkongo wa Bukavu, mwalimu huko Gitega, aliyekuja katika misitu ya Muyinga kuchunguza popo wanakula nini. Alimwamkia vizuri, ila macho yake yalikuwa kwenye zile nyasi.

"Papa, mi nakuomba, usiwashe. Hii popo haikulake nyuki. Nyuki inalala usiku, popo inalala mchana. Watakutana wapi?"

"Dada, mimi si mtoto," alijibu Fabiano. "Nimefungua mzinga wangu uliokufa, nikamkuta nani ananing'inia ndani? Popo. Nyuki hata mmoja hakuna. Sasa unataka nimlaumu nani, mbuzi?"

Tusimcheke haraka. Fabiano alikulia Tanzania, na aliporudi Burundi alikuta shamba la baba yake limegawanywa hata pa kupanda maharagwe hapakutosha. Mizinga aliyotundika msituni ndiyo iliyompa jina kilimani. Watu walioanza kwa kumwita "yule wa Tanzania" sasa walimwita Fabiano wa asali. Mwaka huu mizinga ilikuwa imekufa mmoja baada ya mwingine, masega yametafunwa na funza, yamejaa utando na uchafu. Ulibaki mmoja tu wenye nyuki, nao ulining'inia jirani na mninga huu. Huo nao ukifa, basi. Alikuwa haoni kitu kingine cha kumfanya mtu wa pale.

"Basi wanakula nini?" aliuliza, huku akisokota nyasi.

"Papillon, papa. Papillon ya usiku."

"Papiyo ndiyo nini?"

Gracieuse alifikiri. Alikuwa amejifunza kitabuni neno zuri la Kiswahili, akaliweka tayari kwa ajili ya watu waliolelewa Tanzania, na sasa akalitoa kwa fahari kama sahani ya wageni. "Nondo! Popo yako inakulaka nondo. Mingi sana, kila usiku."

Fabiano alimkazia macho. Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa fundi wa kujenga kule Kasulu. Nondo alizibeba begani, akazikunja, akazikata kwa msumeno wa chuma mpaka viganja vikaota sugu. Leo mwanamke msomi anasimama porini kumwambia kwamba kiumbe mwepesi kuliko ganda la ndizi anatafuna vyuma vya kujengea.

"Na saruji wanakunywa?" alisema, akawasha kiberiti na kuzisukuma nyasi mdomoni mwa pango.

Jua lilikuwa limeshazama, lakini mwanga ulitosha. Moshi ulianza kujikunja na kuingia pangoni. Gracieuse alipiga kelele, akamshika mkono, naye akauchomoa. Wakati huo huo popo mmoja aliyetangulia kutoka alirudi, akajishika kwa miguu kwenye tawi lililokuwa juu ya shuka, masikio yake marefu yakitikisika. Mdomoni alikuwa na kitu. Akatafuna kwa utulivu wa mtu aliye mezani kwake, na bawa dogo likaanguka polepole kwenye mkono wa shati la Fabiano.

Fabiano aliliinua. Lilikuwa la kijivu, lenye vumbi la kung'aa lililobaki kwenye kidole chake. Bawa hili alilijua. Lilikuwa la yule kipepeo wa usiku anayejipenyeza mzingani na kutaga mayai kwenye nta, yule mama wa funza ambaye Fabiano hakuwahi kumkamata hata mmoja. Akatazama shukani. Mabawa yaliyodondoka tangu usiku wa jana yalikuwa yametapakaa, ya kijivu, ya kahawia, na miguu ya mende, lakini la nyuki hakuliona hata moja.

"Ndiyo hiyo, papa," alisema Gracieuse, akilionyesha lile bawa kwa kidole. "Ndiyo nondo."

"Huyu?" Fabiano aliuliza. "Huyu ndiye nondo?"

Hakungoja jibu. Alizikamata nyasi zinazowaka kwa mikono yake, akazivuta nje ya pango na kuzikanyaga, akapiga magoti akipepea moshi kwa kofia. Viganja vilikuwa vimeungua na hakuvitazama. Mle ndani mlikuwa kimya. Aliwaza kwamba amewaua kwa mkono wake walinzi wake wenyewe.

Kisha mmoja akatoka, mwingine akafuata, halafu wakamiminika bila sauti, wakipinda katikati ya matawi membamba kwa ustadi ambao Fabiano hakuwahi kusimama na kuutazama. Gizani vile, bila taa, wanamsikia mdudu akipiga mabawa! Mmoja alipita karibu na uso wake, na kifuani pake alikuwa amemkumbatia mtoto. Hata kwa mzigo ule aligeuka hewani mara moja, juu kabisa ya mzinga wenye nyuki, akadaka kitu cha kijivu.

Fabiano alivua kofia. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyaficha, wala hakujali kama mwalimu anamsikia.

"Kula, mama," alisema. "Kula ushibe."