Gitaa la Wifi

Magitaa mawili yalikuwa yamelazwa ubavu kwa ubavu juu ya kitanda cha mjane, yamefunikwa shuka mpaka shingoni kama mapacha wenye homa. Mjane alipolivuta lile shuka, Fundi alisogea hatua moja. Yote mawili yalikuwa mekundu, wekundu wa kiza wa tofali lililoiva. Umbo moja, kiuno kimoja, na vichwani jina lile lile la kiwanda kwa herufi za kulala. Hata rangi ilikuwa imechubuka mahali pamoja, pale mkono wa mpigaji unapoegemea.

"Hawa ndio waliokuwa wake wenzangu," alisema mjane, mikono kiunoni. "Wao wakilala hapa katikati, mimi nabanwa ukutani. Nikisema neno, marehemu ananiambia, 'Mama, hawa hawali.' Basi chukueni mmoja. Wawili siwatoi kwa siku moja, nyumba itanishinda kwa ukimya."

Wifi yake Fundi, mke wa kaka yake, alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Fundi naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Tangu walipotoka nyumbani alikuwa akimtazama wifi yake kwa pembe ya jicho: jinsi alivyotembea akihesabu mapigo kwa vidole pajani, jinsi alivyosema "gitaa langu" kabla hajalipata. Miaka miwili tu amejifunza, kwenye simu, huku ugali unatokota. Sasa bendi ya wanawake inayopiga hotelini imemwita, Jumamosi ijayo wamsikie jukwaani. Wakimpenda, kazi ni yake.

Kaka yake Fundi ndiye aliyewatuma. Siku aliyokuja kulisema jambo lile, Fundi alikuwa ameinama juu ya redio, chuma cha lehemu kinatoa moshi. Kaka alisimama mlangoni, akakohoa kama mtu mwenye habari njema, akasema, "Mdogo wangu, nataka kununua gitaa." Akanyamaza apate pumzi. Na katika pumzi ile moja Fundi aliishi maisha mazima. Aliona mlango wa wodi aliyolazwa mama yao, miaka tisa nyuma. Akajiona mwenyewe amerudi mikono mitupu kutoka kuliuza gitaa lake, bendi ameiaga, maana mgonjwa wa kugeuzwa kitandani hangojei mtu atoke kwenye harusi za watu. Na kaka, macho mekundu, anamwambia, "Hilo gitaa nitakurudishia mimi. Siku nikijaliwa, la kwanza ni lako." Hakumkumbusha hata mara moja. Alidhani ahadi ya namna ile haihitaji kukumbushwa.

Kisha kaka akamaliza sentensi yake: "Nataka kumnunulia mke wangu. Nawe ndiye unayejua. Akienda peke yake atauziwa ubao wenye nyuzi."

Fundi alisema, "Sawa, kaka." Lehemu ikadondoka mahali isipotakiwa.

"Wifi," alisema sasa wifi yake, "mimi naona mapacha. Wewe unaona nini?"

"Kitendawili," alisema Fundi, maana ulimi wake ulikuwa na mazoea hayo hata moyo ukiwa kwingine.

"Tega."

"Wamezaliwa nyumba moja, wamevaa kanzu moja. Mmoja akiitwa anaimba, mwenzake akiitwa anakohoa."

"Basi nionyeshe anayekohoa, nimkimbie!"

Fundi akainama kazini. Kiwanda kile kilitengeneza aina mbili, akaeleza: aina ya juu na mdogo wake. Mdogo alitengenezwa afanane na mkubwa kwa sura, wasio na uwezo nao wapate cha kujivunia. Tofauti zimejificha, na hizo alizitaja moyoni tu. Mkubwa, namba yake nyuma ya kichwa huanza kwa herufi. Mdogo ana tarakimu tupu. Mkubwa mwili wake ni ubao mmoja, mdogo ni vipande vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa rangi nzito. Lakini wateja wake wote aliwaambia neno moja: gitaa hulijui mpaka ulivue shingo. Skrubu nne tu, basi, na ndani mbao husema ukweli wake.

Aliligeuza la kushoto. Herufi ile pale, imezama kwenye mbao, na nyuma yake tarakimu. Akapitisha kiganja juu ya shingo. Ilikuwa laini, imelainishwa na miaka ya kidole gumba cha mtu mmoja. Akalinyanyua: jepesi. Aina ya juu huwa nzito, hilo alilijua, lakini akajiambia ubao ukikauka miaka mingi hupungua. La kulia lilikuwa zito. Gundi na rangi, akajiambia. Kichwani lilikuwa na tarakimu tupu.

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, aliihisi pajani. Lakini akizivua shingo, wifi yake ataona kwa macho yake mwenyewe. Na herufi si ameshaiona? Mtu aonyeshwe ushahidi mara ngapi?

"Hili," alisema Fundi, na kidole chake kikaenda kulia.

Hakukituma. Au alikituma; hilo atabishana nalo siku nyingi. Wifi yake hakuuliza hata swali. Alilikumbatia gitaa kama mtu aliyepokea mgeni wa mbali. "Wewe ukisema hili, ni hili," alisema. "Ningekuja na nani mwingine, wifi yangu?"

Kesho yake Fundi alirudi kwa mjane peke yake. Hakwenda na fedha, alikwenda na sanduku la vifaa. Siku nzima alilishughulikia friji la mjane, akaifunga upya mota ya cherehani, akamaliza na pasi, na jioni akaondoka na la kushoto limezungushiwa blanketi. "Sasa nitalala katikati," alisema mjane, akitazama kitanda. Hakuwa akicheka.

Kwenye karakana yake, nyuma ya soko, Fundi alifunga mlango mchana kweupe. Akalichomeka kwenye amplifaya. Mkono wa kushoto uliteleza shingoni kana kwamba ulitoka jana tu. Vidole vikakumbuka njia zote. Lakini sauti! Sauti ilitoka nyembamba, kama mtu anayezungumza huku amebanwa pua. Akabadili waya. Akabadili nyuzi. Akaifungua amplifaya, akailaumu, akaifunga. Siku tatu alikilaumu kila kitu mle ndani isipokuwa alichopaswa kukilaumu, na siku tatu alimwona wifi yake akilini, amekaa sebuleni kwa kaka, anapiga ubao wa gundi bila kujua. Picha ile ilimpoza. Akiwa na hasira aliiita, ikaja, ikampepea.

Alhamisi wifi alifika mwenyewe, gitaa mgongoni, vidole vitatu vimefungwa plasta.

"Hodi, fundi wa watu wote isipokuwa ndugu zake!"

Fundi alilisukuma blanketi chini ya meza kwa mguu. "Karibu. Umeungua?"

"Nimeungua na nini, nimekatika!" Akaketi juu ya sanduku la redio, na utani ukamwisha ghafla. "Wifi, ngoja nikwambie. Hili gitaa lina sauti, sijui nikuelezeje. Nikilipiga, kifua kinatetemeka. Jirani alikuja kuuliza ni redio gani ile. Lakini shingo! Nene kama mche wa sabuni, na haishiki sauti. Nikikaza huku, inalegea kule. Mwanzo wa wimbo niko sawa, mwisho niko nchi nyingine."

Fundi alilitazama lile gitaa. Kifua kinatetemeka? Mdogo hatetemeshi kifua cha mtu.

"Nimefikiri sana," aliendelea wifi, akitazama plasta zake. "Kasoro si gitaa, wewe ulilichagua. Kasoro ni mimi. Mtu wa kujifunza kwenye simu anakwenda hotelini kufanya nini? Nataka niwaambie wale wenzangu wamtafute mwingine. Ila kaka yako usimwambie bado. Amejinyima kwa ajili yangu, yule. Viatu vyake umeviona?"

Fundi alikuwa ameviona. Alikuwa ameviona na kuvihesabia kosa, maana kwa ajili yake yeye kaka hakujinyima hivyo.

"Niachie," alisema. "Nenda sokoni, urudi saa kumi."

Wifi alipoondoka, aliyaweka magitaa yote mawili juu ya meza, akatoa bisibisi. Skrubu nne, na nne nyingine. Shingo zikatoka, pamoja na vichwa vyake vyenye namba. Akasogeza taa.

Kwenye tundu la lile jepesi, ilipokuwa imekaa shingo yenye herufi iliyomtia wazimu, mbao zilionyesha mistari ya gundi, vipande vitano kama mkate uliokatwa. Kwenye lile zito, ubao mmoja, mstari wake umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Na pale tunduni, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwenye haraka: *Bega limekataa uzito. Shingo nzuri nimeihamishia kwenye mwili mwepesi, hadi nitakapopona.*

Marehemu hakupona. Fundi alikaa kitako.

Yeye, anayewafokea wateja kwa kutovua shingo, hakuvua shingo. Alikuwa amemnyima mwenzake gitaa zuri, na kwa mkono ule ule akampa nusu yake iliyo bora. Naye akafanya kazi siku nzima kujipatia nusu nyingine. Sasa zote zilikuwa hapa, vipande vinne vyekundu, na katika vipande vile lingeweza kutoka gitaa moja zima na moja la kukohoa. Si mawili mazima. Moja.

Na hakuna atakayejua. Hilo lilimjia taratibu, kwa upole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Atamrudishia wifi gitaa jekundu lenye sura ile ile, tarakimu tupu kichwani kama mwanzo. Ataona limepungua sauti. Atasema kasoro ni mimi. Ameshasema. Jumamosi hatakwenda, au atakwenda na kurudi kimya, na kaka ataona ni bahati mbaya. Na Fundi atakuwa na lake, zima, aina ya juu, la kwanza ni lako. Ni nani aliyemwibia mwenzake hapo? Si ndilo deni lenyewe?

Alikaza shingo nzuri kwenye mwili mzito. Hilo lilihitajika kwa vyovyote. Mikono ilifanya bila kuulizwa. Akatia nyuzi, akalinganisha sauti, akachomeka.

Alidhani atapiga kidogo tu, kupima. Lakini sauti ya kwanza ilipotoka ilimshika begani. Ikatoka nzito, ya duara, ikajaza karakana, ikagonga mabati na kurudi. Vidole vikaingia wimbo waliokuwa wakiufungulia harusi, ule ambao bibi harusi huingia nao ukumbini, mama yake akiupigia makofi nje ya mdundo. Alipiga ubeti wa kwanza, akapiga wa pili, akafika pale ambapo gitaa hubaki peke yake, na pale hakuwa fundi wa mtu yeyote.

Alipoinua macho, wifi yake alikuwa mlangoni, kikapu kimemning'inia mkononi. Haikuwa saa kumi bado.

"Wifi," alisema polepole. "Ni wewe huyo?"

Fundi alizishika nyuzi kwa kiganja zisiendelee kulia.

"Miaka sita nimeolewa kwenu. Kaka yako hajawahi kuniambia kama unapiga."

Hapo ndipo kisu kilipofika mwisho. Fundi alikuwa amehesabu mengi aliyonyimwa, hili hakulihesabu. Kumbe kaka hakusahau gitaa tu. Alimsahau mpigaji.

Wifi aliingia, akaweka kikapu chini. Akatazama gitaa lililo mapajani mwa Fundi, akatazama lile jingine mezani, limelala bila shingo. Akasoma mwandiko mle tunduni? Hapana, tundu lenye mwandiko lilikuwa limeshafungwa. Alichokiona ni wekundu ule ule mara mbili. "Lile la mjane," alisema. "Ulilifuata." Akangoja. "Langu ni lipi?"

Lingekuwa jambo rahisi. Kidole tu, kama siku ile.

"Keti," alisema Fundi.

Akamwambia. Alimwambia habari ya herufi, na ya bisibisi iliyobaki mfukoni, na ya friji. Alimwambia habari ya mlango wa wodi, na hilo lilimchukua muda, maana hajawahi kulisema kwa sauti. Wifi alisikiliza huku akiibandua plasta moja baada ya nyingine, akizikunja ndogo ndogo.

"Ungeniacha niende nikaaibike mbele za watu."

"Ningekuacha."

"Na leo?"

"Leo nilikuwa sijaamua. Umerudi mapema."

Wifi alitoa sauti isiyojulikana kama ni kicheko. Fundi akasimama, akamvisha mkanda wa gitaa begani, lile zito, akaurefusha kidogo kwa sababu wifi ni mrefu. Kisha akarudi nyuma, akakaa mikono mitupu. Wifi alipiga. Alipiga wimbo wake wa Jumamosi toka mwanzo hadi mwisho, na safari hii mwisho ukawa nchi ile ile. Alipiga vizuri. Fundi alitamani apige vibaya, akamsikia akipiga vizuri, na wivu ukamzunguka kama paka anayetafuta pa kulala. Kidole cha tatu cha wifi kilikuwa kinakaa mbali mno na kile chuma cha shingoni, aliona, hakusema.

"Sijakusamehe," alisema wifi, akichomoa waya. "Usijidanganye."

"Sijidanganyi."

"Na kaka yako tutamuuliza, mimi na wewe, amekaa pale katikati." Akainua kikapu, gitaa mgongoni, akafika mlangoni akasimama, akiongea na barabara. "Wale wa hotelini wanataka saa mbili za muziki. Mimi nyimbo nilizonazo ni za saa moja tu. Ile ya pili haina mpigaji."

Akaenda zake. Fundi alibaki akisikiliza hatua zake mpaka zikachanganyika na za watu wa soko. Mezani, lile gitaa jepesi lilikuwa limelala na tundu lake wazi. Akaivuta ile shingo nene, akaipima kwa jicho moja kama mtu anayelenga, akaona ilipopinda. Akaichukua bisibisi.