Tabibu wa Baba

Gemu yenyewe ilikuwa takataka, tuanzie hapo. Mdogo wangu aliinunua kwa bei ya soda mbili, na hata hizo soda mbili alipunjwa. Wanakijiji wote wana sura moja, wanaume kwa wanawake, mpaka mbuzi nikamshuku. Shujaa akivaa kofia ya chuma, nywele zinatokeza juu ya chuma. Joka la kutisha ni yule yule mbwa wa mwanzo, kavutwa akawa mkubwa, kabandikwa mabawa. Na muziki sasa! Kipande kimoja cha zumari, kikiisha kinaanza tena, na mimi niko chumba cha pili nashona kola za watu huku nimesaga meno.

Vita vyake ndiyo kichekesho. Uwanja umechorwa viraba kama sakafu ya bafu. Unasogeza watu wako wanne, unabofya "maliza zamu", halafu unakaa kusubiri mazimwi nayo yasogee. Zimwi limeshika shoka, adui yuko hatua moja mbele, nalo linangoja zamu yake kwa adabu zote. Vita gani hivyo? Hata foleni ya kliniki ina watu wakali zaidi.

Wachezaji walikuwa wawili: baba yangu, fundi saa mstaafu, na huyo mdogo wangu, mwokaji mikate, ambaye mtaa mzima unamwita Unga. Watu wazima na akili zao. Walikuwa hawajasemeshana miezi kumi na minne. Zamani Unga alifanya kazi na mzee kibandani, na siku moja akamwambia mteja, mzee anasikia, "Hii saa haina maana kuitengeneza, nunua mpya." Mzee akafunga kibanda siku ile ile, akafunga na mdomo. Toka hapo mimi ndiye simu yao. "Mwambie mdogo wako maji yamerudi bafuni." "Mwambie baba nimeyaona." Wote wako meza moja, mimi katikati nageuza shingo.

Kwenye takataka lile, eti, walielewana. Mzee alikuwa na tabibu na mbeba ngao. Unga alikuwa na mpiga mishale na mchawi. Mchana mzee anasogeza wake wawili, anainuka. Asubuhi Unga anarudi kutoka kwenye tanuri, nyusi nyeupe, anasogeza wake, anamaliza zamu, mazimwi yanajibu, yeye anakwenda kulala. Zamu moja kwa siku! Vita vya nusu saa walivipigana wiki tatu.

Na mzee alikuwa hajui kucheza, jamani. Tabibu wake hakubanduka ubavuni mwa mpiga mishale. Mpiga mishale mzima wa afya, hana hata mkwaruzo, tabibu kaganda pale pale, huku mbeba ngao anakatwakatwa upande wa pili. Nilimwuliza, "Baba, huyo tabibu analipwa kusimama?" Akanijibu, "Wewe shona."

Jumatatu Unga akaniambia amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, mji wa mbali, na Jumamosi anaondoka.

"Mwambie mzee," akasema.

"Mwambie mwenyewe, mdomo unao."

"Aniulize basi."

Nilichemka. Nilijua akiondoka hivyo ndiyo imetoka, wataachana kimya na kimya kitazoeleka, mpaka siku mmoja aje kumzika mwenzake. Na mchawi wa haya yote nilimjua: ule upuuzi kwenye kompyuta. Wafungue midomo ya nini, wakati wanasogezeana vikatuni? Nikaapa kuumaliza. Gemu ikiisha, watabaki kutazamana, na watu wakitazamana sana mmoja lazima aseme kitu.

Jumanne mchana mzee akaenda kunyolewa. Nikaketi. Vilikuwa vita vya mwisho, vya lile joka la mbwa. Nikasogeza wote wanne, wa mzee na wa Unga, zamu baada ya zamu bila kungoja kesho. Tabibu nikampeleka mbele, naye atoke jasho kama wenzake. Haikufika nusu saa, joka chali. Wanaume wawili wiki tatu, mimi mshonaji nusu saa! Nilicheka peke yangu mle chumbani.

Halafu kwenye kioo likatokea kaburi dogo, limechorwa ovyo, na juu yake jina: UNGA. Ndilo jina alilompa mpiga mishale wake. Kumbe joka lilimchoma zamu ya tatu, wala sikuangalia. Na gemu ya bei hiyo inajihifadhi yenyewe, haina kurudi nyuma, aliyezikwa kazikwa. Nikasema potelea mbali, ni katuni.

Jumatano asubuhi Unga akarudi, akaketi na chai yake. Sikusikia mbofyo hata mmoja. Nilipochungulia, chai haijaguswa, anatazama kaburi. Akainuka, akaenda kwenye mlango wa chumba cha mzee, mlango ambao hakuwa ameugusa tangu ugomvi, akagonga.

"Mzee. Ndiyo umeniacha?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kama unataka niende, si ungesema tu?"

Mzee akatoka na fulana ya kulalia, miwani mkononi. Akampita, akavaa miwani, akainama mbele ya kompyuta, akasoma jina kaburini. Akanigeukia mimi.

"Mwambie mdogo wako kwamba mimi..." Akakwama. Akageuka kwa Unga. "Sikukuacha. Mwanangu, sijakuacha hata siku moja."

"Ni mimi!" nikasema. "Nimecheza mimi. Nilitaka muongee, basi!"

Wakanitazama wote wawili kwa macho yale yale.

"Umemtoa tabibu?" Unga akauliza. "Mbele ya joka?"

"Huyu hajui kitu," mzee akamwambia. "Ona, mchawi hakutumia hata uchawi mmoja."

"Na ngao kaiacha nyuma, mzee. Ngao! Nyuma!"

"Akili za sindano hizo. Zinakwenda mbele tu."

Walinisimanga hivyo, huyu akianza, yule akimalizia, wamesimama bega kwa bega katika nguo zao za kulalia na za unga. Miezi kumi na minne nimewabebea maneno yao mpaka ya kuombana chumvi, na asante sikupewa. Nilisimama nimekunja mikono, nimekasirika kwelikweli, na machozi yananitoka.

Walipochoka kunicheka, mzee akaketi. Akauliza huku anafuta miwani, "Jumamosi unaondoka saa ngapi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia, kuta zetu ni nyembamba.

"Saa mbili asubuhi."

Mzee akakunja vidole kimoja kimoja. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: siku tatu, zamu tatu.

"Hazitoshi," akasema.

"Hazitoshi, baba."